Siku Arobaini na Tatu za Mwana Jahi

"Siku ya shaka si ya aliye kitini."

Maneno hayo yalimtoka Bi Mwanamize bila ya kuinua uso, huku akitia uzi kwenye tundu la sindano. Mapajani mwake ilikuwamo jezi ya golikipa, na namba moja ya mgongoni ilikuwa imeshonwa nusu. Vijana wa timu walikuwa wamejaa barazani kwake tangu alasiri wakibishana, naye alikuwa amewavumilia kwa sababu jezi zilikuwa zao na baraza lilikuwa lake.

Timu mbili za vijiji jirani zilikuwa zimeungana mwaka uliopita, zikapatana kwamba Hemedi wa kijiji cha juu awe mwenyekiti kwa msimu mmoja, kisha ampishe Saumu wa kijiji cha chini. Ligi ilikwisha Ijumaa. Saumu akasema msimu umekwisha. Hemedi akasema bado kuna kombe, na kombe nalo ni msimu. Aliyasema hayo akiwa amekalia kiti cha plastiki, kiti pekee kilichokuwa pale. Wenzake wote walikuwa mkekani.

"Bibi, umesemaje?" Saumu aliuliza.

"Nimesema siku ya shaka si ya aliye kitini."

"Siku ya shaka mie naijua," alisema Kibwana, aliyekuwa mlinda lango na mjuzi wa kila jambo. "Si ile ya mwisho wa Shaabani, watu wasipojua kama Ramadhani imeingia ama bado? Lakini kiti kimeingiaje hapo?"

"Kimeingizwa na mwanamke mmoja. Nipisheni mwanga, mkae kitako. Na atakayenikatiza, nitampa namba sita niliyoishona kichwa chini, acheze na tisa mwaka mzima."

Bi Mwanamize akavuta uzi, akaanza.

Methali hii ina kwao, wajukuu zangu, na kwao ni Kimbaoni, mji wa mawe wa zamani ambao leo umebaki kuta na mikwaju. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili. Kisimani walikaa wafanyabiashara na walimu wa chuo cha Kurani, na huko ndiko kilikokuwa kisima pekee cha maji matamu. Minazini walikaa wakulima wa mpunga na mtama. Mitaa hiyo ilipigana miaka saba kwa sababu ambayo baadaye hakuna aliyeikumbuka sawasawa. Wengine walisema ni posa iliyokataliwa, wengine walisema ni mbuzi. Waliokumbukwa vizuri ni waliozikwa.

Walipochoka kuzikana, wakafanya jambo la akili. Wakaunda serikali moja ya watu wa pande mbili. Baraza likawa na wazee kumi na wawili, sita huku na sita kule. Kiti kikawa kimoja, cha mpingo, na siwa moja, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu ambalo bila ya kulia kwake hakuna amri iliyokuwa amri. Aliyekalia kiti ndiye aliyeilaza siwa nyumbani kwake. Kiti kikapangiwa zamu: Minazini wakae kwanza, kisha Kisimani, na waziri atoke daima mtaa wa pili, naye ndiye apokee kiti zamu ikigeuka. Mapatano yakaandikwa, mikono ikawekwa juu ya msahafu, na neno kubwa la mapatano yale lilikuwa hili: miaka minne, wala si siku moja zaidi.

Kila mtu aliliridhia neno hilo. Hakuna aliyeuliza mwaka ni nini. Nani angeuliza? Mtu mzima hasimami mbele ya watu akauliza mkono ni nini.

Zamu ya kwanza ilimwangukia Mwana Jahi, mjane wa Minazini, mwenye mashamba ya mpunga upande wa bondeni. Alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa sauti, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Waziri wake alikuwa Mwinyi Shekue wa Kisimani, mtu mrefu asiyependa maneno. Akikubali jambo alisema "Hm." Akilikataa alisema "Hm" vilevile. Mwana Jahi alichukua mwaka mzima kujifunza kuzitofautisha hizo mbili.

Lakini alijifunza, na wakatawala vizuri. Soko lililokuwa limeota majani lilifagiliwa likarudi kuwa soko. Watoto wa Minazini walianza kwenda chuoni Kisimani, na mwaka wa pili kulifanywa harusi ya kwanza ya mitaa miwili tangu vita, wakwe wakala ubwabwa sinia moja, kila mmoja akimtazama mwenziwe anavyokula. Watu walizoea amani upesi. Baada ya muda walianza hata kuinung'unikia, na hiyo ndiyo dalili kwamba amani imekaa.

Moyo wa Mwana Jahi, hata hivyo, ulikuwa kwenye birika. Kila kiangazi kisima kilipungua, na wanawake wa Minazini walisimama na mitungi yao nyuma ya wanawake wa Kisimani, wakingoja mpaka wenye kisima watosheke. Yeye mwenyewe alisimama hivyo ujana wake wote. Basi akaamua kujenga birika kubwa la maji ya mvua, mpakani mwa mitaa miwili, lenye ngazi pande zote mbili, ili pasiwe na mbele wala nyuma. Wazee wa Kisimani hawakulipenda wazo lile, ingawa hawakulisema. Mwenye kisima husalimiwa vizuri na jirani zake. Mwinyi Shekue naye, alipoulizwa juu ya birika, alisema "Hm," na hiyo ndiyo "Hm" moja ambayo Mwana Jahi hakuweza kuifasiri.

Mwaka wa nne ulipokuwa ukingoni, kuta za birika zilikuwa zimesimama na ngazi zimekwisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kulipaka chokaa ndani, maana bila ya chokaa maji yote yangepenya ukutani yakaenda zake. Masika yalikuwa karibu. Mwana Jahi akahesabu siku zake kama wakulima wanavyohesabu, tangu Nairuzi, ile Siku ya Mwaka, kwa miongo, na kila mwongo ni siku kumi. Akapata miongo minne na siku tatu kabla ya zamu yake kwisha.

"Zinanitosha," alijiambia, akafunga shuka kiunoni akashuka birikani pamoja na wapaka chokaa.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo wazee watatu wa Kisimani walikuja wakasimama ukingoni mwa birika, wamevaa kanzu zao za Ijumaa, na siku ilikuwa Jumanne.

"Sabalkheri, Mwana."

"Sabalkheri. Mmekuja kutusaidia? Zivueni kwanza hizo kanzu."

"Tumekuja kuichukua siwa. Mwezi uliandama jana. Miaka minne imetimia."

Mwana Jahi alicheka. Alidhani ni mzaha wa kizee. Alipowaona hawacheki, kicheko kikamkauka. "Zimebaki siku arobaini na tatu," alisema.

"Mwana, hata mtoto wa chuo anajua kuhesabu mpaka nne."

"Nami nilikuwa nikihesabu miaka wakati wewe unahesabu vidole vyako! Rudini kwenu!"

Wakarudi, na mji ukarudi pamoja nao mahali ulipokuwa kabla ya amani. Kisimani walisema, mwaonaje, amekionja kiti, sasa hataki kushuka. Minazini walisema, mwaonaje, hata miaka minne hawakuweza kutuachia kamili. Na ajabu ya jambo hili, wajukuu zangu, ni kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Kisimani waliishi kwa mwaka wa mwezi, maana mikataba na mafunzo yao yote yalifuata mwezi: miezi kumi na miwili, siku mia tatu hamsini na nne, au tano mara nyingine. Minazini waliishi kwa mwaka wa Nairuzi, unaofuata jua na mvua: siku mia tatu sitini na tano. Chukueni tofauti hiyo, siku kumi na moja kwa miaka mitatu na siku kumi kwa mmoja, ijumlisheni, mtapata siku arobaini na tatu. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake, na wote waliuita mwaka.

Siku ya pili, Fumo Athmani, mtoto wa kaka yake Mwana Jahi, aliweka vijana wenye mikuki mlangoni ilipolala siwa. Hakutumwa, aliweka tu. Siku ya tatu Kisimani walitoa kamba na ndoo kisimani, na wanawake wa Minazini wakarudi nyumbani na mitungi mitupu. Siku ya nne jiwe lilirushwa, halikumpiga mtu. Wale waliozika watoto wao miaka ile saba hawakuhitaji kuambiwa kinachofuata. Mama mmoja alianza kuwalaza wanawe chumba cha ndani.

Mwana Jahi aliyaona yote hayo, akaogopa. Siku ya tano akaita baraza, akamwita na Kadhi. Huyu alikuwa Mwenye Kombo, ambaye mama yake alitoka Minazini na baba yake Kisimani, kwa hiyo alikuwa akilaumiwa na pande zote mbili kwa usawa.

Watu walijaa ukumbini mpaka nje. Minazini walitandika mikeka yao kulia, Kisimani kushoto. Mwana Jahi aliketi kwenye kiti cha mpingo. Alikuwa ametoka birikani moja kwa moja, na mikono yake ilikuwa na chokaa mpaka viwikoni, maana kazi hakuisimamisha hata siku moja.

Kadhi akaisoma karatasi ya mapatano mara mbili. Kisha akaikunja.

"Mwana Jahi," alisema, "marehemu mumeo alipofariki, eda ulikaa kwa hesabu gani?"

"Ya mwezi. Miezi minne na siku kumi, kama wajane wote."

"Na mpunga wako, waupanda kwa hesabu gani?"

"Kwa Nairuzi. Mpunga haujui mwezi."

"Mwinyi Shekue, wewe wafunga Ramadhani kwa hesabu gani?"

"Ya mwezi."

"Na lile shamba lako la mtama?"

Mwinyi Shekue alitazama upande wa watu wake, akatazama dari. "Kwa Nairuzi," alisema.

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kadhi naye akatabasamu. "Basi kila mmoja wenu ana miaka miwili nyumbani mwake, na karatasi inasema mwaka tu, haikusema upi. Hapa hapana mwizi. Msitafutane."

"Hukumu ni ipi, Shekhe?" Fumo Athmani aliuliza kwa sauti kutoka nyuma.

"Hukumu ni hii. Siku hizi arobaini na tatu hatuna yakini nazo, ni siku za shaka. Na siku ya shaka tunaijua sheria yake. Mawingu yakiuficha mwezi mwisho wa Shaabani, kesho yake hatufungi. Siku ile tunaiachia mwezi wa zamani, mpaka ije yakini. Kwa hiyo siku hizi ni za zamu ya zamani. Mwana Jahi atabaki kitini mpaka zitimie."

Vigelegele vilipasua ukumbi. Wanawake wa Minazini walisimama, wanaume wakapeana mikono. Fumo Athmani alipanda juu ya kizingiti akapaza sauti, "Tumewashinda!"

Mwana Jahi alifurahi, nami siwafichi. Moyo wake uliruka. Birika litakwisha, alijiambia, na litakwisha mikononi mwangu. Halafu akajisikia anavyofurahi, na furaha ile ikamtisha. Haikuwa furaha ya birika peke yake. Ilikuwa pia furaha ya kubaki. Alijiuliza, lau Kadhi angehukumu kinyume, ningesema hukumu ni njema? Akajijibu kwa kweli kwamba angesema Kadhi amepotoka.

Kisha akatazama kushoto. Kisimani hawakupiga kelele wala hawakubisha. Walikuwa wanakunja mikeka. Pale Kimbaoni, tangu zamani, mkeka wa mkutano haukunjwi mpaka mkubwa wake aage, na watu waliwahi kuukunja mapema mara moja tu, siku vita vilipoanza. Mzee mmoja alikuwa anaukunja wake taratibu. Mwinyi Shekue peke yake hakuukunja. Alikuwa amekaa palepale, anautazama mkeka wake.

"Tandikeni mikeka," Mwana Jahi alisema.

Hawakumsikia kwa kelele.

"Tandikeni mikeka! Mimi sijaaga!" Sauti yake ile ndefu ikafika mpaka nje, na ukumbi ukatulia. Akamgeukia Kadhi. "Shekhe, hukumu yako ni ya haki?"

"Ni ya haki, kwa kadiri nijuavyo."

"Nieleze jambo moja, mimi si msomi. Shaabani inapoongezewa siku, inafaidi nini?"

Kadhi alishangaa. "Haifaidi kitu, Mwana. Ni mwezi tu."

"Iliomba kuongezewa?"

"Mwezi hauombi."

"Haikupeleka watu wenye mikuki mlangoni wakalinde siku zake?"

Watu wakamtazama Fumo Athmani, na Fumo Athmani akashuka kwenye kizingiti.

"Basi hapo ndipo hukumu yako na mimi tunapoachana," Mwana Jahi alisema. "Mwezi haupendi kiti. Mimi nakipenda. Nimekikalia miaka minne, nimekizoea, na hivi sasa uliponiambia nibaki, moyo wangu umecheza ngoma. Siku ya shaka mpe mwezi, utakuwa salama, maana mwezi hauna tamaa. Ukimpa aliye kitini, kesho atakutafutia shaka nyingine, na kesho kutwa nyingine. Mtu hakosi shaka akiitaka."

"Shangazi!" Fumo Athmani alikuja mbele. "Sheria imekupa!"

"Sheria imeniruhusu, mwanangu. Haikunilazimisha."

"Na birika je? Hawa hawalitaki birika, kila mtu ajua! Basi angalau mwapishe Mwinyi Shekue kwanza, aahidi atalimaliza, ndipo umpe siwa!"

Pale ndipo palipomuuma Mwana Jahi. Alimtazama waziri wake, na Mwinyi Shekue akamtazama, na katika uso ule mrefu hakuweza kusoma kitu.

"Unasemaje juu ya hilo, Mwinyi?" aliuliza.

"Ukiniapisha nitaapa," alisema Mwinyi Shekue. "Lakini watu wangu watasema nimeinunua siwa. Na wako watasema umeiuza."

"Nami nitasema hivyo hivyo," Mwana Jahi alijibu. "Siapishi mtu. Siwa ya kuuza haina sauti. Birika ni la mji, na mji sasa utakuwa mkononi mwako. Ukiliacha, nitarudi nyuma ya foleni na mtungi wangu, nipo, nimezoea. Lakini nitakuwa nakutazama."

Akainuka. Akashika mkono wa kiti ili ajisukume, maana magoti yake yalikuwa na umri, na kiganja chake kikaacha alama nyeupe ya chokaa juu ya mpingo. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe jambo la nyumbani: "Siku ya shaka si ya aliye kitini."

Siwa ikaletwa, na wale vijana wenye mikuki ndio walioibeba. Mwinyi Shekue akakikaribia kiti. Mtumishi mmoja akakimbilia kufuta ile chokaa kwa kitambaa.

"Acha," alisema Mwinyi Shekue. Akaketi, akaweka mkono wake kando ya alama ile, hakuigusa.

Hapo siwa ikalia, na watu wakangoja amri ya kwanza ya zamu mpya. Mwana Jahi alikuwa amesimama kulia, katikati ya watu wake, na moyo ulimwenda mbio kuliko siku aliyoolewa.

"Kamba na ndoo zirudi kisimani sasa hivi," alisema Mwinyi Shekue. "Na kesho asubuhi kila nyumba ya Kisimani itoe watu wawili waende birikani. Wasivae kanzu za Ijumaa." Kisha akaona hajamaliza. "Msimamizi wa birika ni yule yule. Ana ulimi mkali. Mvumilieni."

Na Mwana Jahi, ambaye alikuwa hajalia mbele ya watu tangu azike mumewe, alilia pale pale, kwa sauti, na hakuona haya.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mwenyewe alilijua baadaye. Birika lilikwisha siku ya thelathini na nane, na masika yakanyesha siku ya arobaini. Liliwahi kwa sababu mikono iliongezeka maradufu, na Kisimani waliokuwa hawalitaki walipopaka chokaa kwa mikono yao walianza kuliita birika letu. Lau angebaki kitini na wapaka chokaa wake wa Minazini peke yao, miongo minne na siku tatu zisingetosha hata kidogo. Alikuwa amehesabu siku, hakuhesabu mikono.

Baada ya hayo Kadhi alitaka mapatano yaandikwe upya, mwaka utajwe ni upi. Mwana Jahi akasema haifai kitu. "Leo tumegombana juu ya mwaka," alisema. "Tukiuandika mwaka, kesho watagombana juu ya siku, kama inaanza magharibi ama alfajiri. Andika palipo na shaka, aliyeketi ainuke. Hilo litatosha kwa maneno yote." Mwinyi Shekue akasema "Hm," na safari hii hakuna aliyekosa kuielewa. Likaandikwa.

Miaka minne ya Kisimani ikapita. Ilipokaribia kutimia kwa hesabu ya mwezi, mnadhani nini kilitokea? Wazee wa Kisimani, wale wale wa kanzu za Ijumaa, waligundua ghafla uzuri wa Nairuzi. Walimwendea Mwinyi Shekue wakamweleza kwamba jua ndilo linaloivisha mtama, na kwamba mwaka wa kweli ni wa jua. Minazini nao walikuwa wakikesha wanautafuta mwezi kama watoto wanaongoja Idi. Mwinyi Shekue aliwasikiliza watu wake mpaka mwisho, akasema "Hm," wakaenda zao wameridhika.

Siku ya ishirini na tisa ya mwezi ule wa mwisho, jua likiwa bado juu, Mwana Jahi alikuwa uani kwake akipepeta mchele. Alikuwa mzee sasa, naye ndiye aliyekuwa waziri wa zamu ile. Akasikia hodi, akatazama, akamwona Mwinyi Shekue mlangoni, peke yake, amebeba siwa begani mwenyewe.

"Karibu, Mwinyi. Lakini umekosea siku," alisema. "Mwezi haujaonekana. Labda utaandama leo, labda kesho. Hata kwa hesabu yenu wenyewe bado una siku."

Mwinyi Shekue akaishusha siwa taratibu, akaiegemeza ukutani, akajifuta jasho.

"Najua," alisema. "Kesho ni siku ya shaka."

Mwana Jahi akaweka ungo chini. Akacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Bi Mwanamize akakata uzi kwa meno. Namba moja ilikuwa imekamilika. Akaikunjua jezi, akaitazama kwa mbali, akamtupia Kibwana.

Saumu alikuwa anachora chora mkekani kwa kidole, hakumtazama mtu. Kibwana alifungua mdomo, akaikumbuka namba tisa, akaufunga.

"Lakini Bibi," Hemedi alisema hatimaye, "kombe kweli ni sehemu ya msimu. Hata katiba ya timu ukiisoma..."

"Huenda, mwanangu. Sikatai. Huenda una haki kabisa, kama yule Mwana Jahi alivyokuwa nayo mkononi." Alichukua jezi nyingine, akaanza kutafuta uzi wa rangi yake. "Wewe mwenyewe una yakini?"

Hemedi akawatazama wenzake waliokuwa mkekani. Kisha akainuka, akakipangusa kile kiti cha plastiki kwa mkono, akakisukuma upande wa Saumu, naye akaenda kuketi chini karibu na Kibwana, aliyesogea kumpa nafasi.

"Siku ya shaka," alisema, akikuna kichwa.

"Si ya aliye kitini," wakamalizia wote.